Mjusi alikimbia, sisi tukasahau kisiwa



Wiki iliyopita mmoja wetu alirudisha tena mu grupu ile video ya mjusi mdogo na nyoka. Najua mnaijua. Mjusi anatoka mchangani, ameanguliwa sasa hivi. Anaangalia huku, anaangalia kule. Nyoka wanatoka kwenye nyufa za mawe, mmoja, wawili, halafu kundi zima. Anakimbia. Wanamkamata, wanamzungushia miili, sisi tunasema "kwisha!" Kumbe anachomoka, anapanda jiwe, anapona. Chini ya video mtu ameandika: "Wewe uliyemaliza masomo na huna kazi, kimbia sawa huyu." Watu wakajaza vidole gumba.

Mi pia nilibonyeza kidole. Lakini leo nataka kusema kwa nini naona tumeisoma ile video vibaya, na namna video yenyewe ilitusaidia kuisoma vibaya. Na kama mtanivumilia mpaka mwisho, nitawarudisha hapa kwetu, kwenye barabara ya Likasi na Fungurume, ju jambo lenyewe njo liko hapa.

Kwanza tuipe haki yake. Kipande kile kimetoka kwenye filamu ya BBC, Planet Earth II, sehemu ya kwanza inayohusu visiwa. Ilionyeshwa Uingereza tarehe 6 Novemba 2016, na anayesimulia ni David Attenborough. Mwaka 2017 kipande hicho kilipata tuzo ya BAFTA, ile ambayo watazamaji wenyewe wanapiga kura. Kisiwa ni Fernandina, mu visiwa vya Galápagos, karibu kilomita 1000 magharibi ya Ekwado. Mjusi ni iguana wa baharini, mjusi pekee duniani ambaye anatafuta chakula chake mu bahari. Wakubwa wanazama mu maji ya baridi na kula mwani kwenye mawe. Kazi ya kamera ni ya ajabu, hakuna mtu anaweza kubisha. Wamelala chini kwenye kimo cha mjusi, kwa hiyo sisi pia tunaona nyoka kutoka chini, na woga unatuingia. Kama filamu ya asili ingekuwa na kazi moja tu ya kutufanya tusipepese macho, hii imemaliza kazi.

Sasa lawama yangu ya kwanza. Mwaka 2017 mtayarishaji wa sehemu ile alieleza hadharani kwamba hawakuweza kumfuata mjusi mmoja toka mwanzo mpaka mwisho. Walipiga picha za mijusi mbalimbali, halafu wakaziunganisha. Sisemi ni uongo. Kila filamu inakatwa na kushonwa, na kila pigo la namna ile lilitokea kweli. Lakini angalia kile mshono ule umefanya. Mijusi wengi wamekuwa mjusi mmoja. Na mjusi mmoja, ukimwekea muziki wa vita, anakuwa shujaa. Na shujaa, ukimtuma mu grupu ya vijana wenye shomaji, anakuwa mahubiri: ule aliyepona, alipona ju alikimbia vizuri.

Rudini muangalie tena bila sauti. Wale walioliwa, nao walikimbia. Kuna mwingine, mwanzoni kabisa, ambaye alipona ju hakukimbia: alituliza mwili, nyoka akapita karibu naye bila kumwona. Ule mahubiri hayamtaji. Na mahubiri hayataji jambo lingine: mjusi anayetoka mchangani wakati nyoka wameshashiba ao wako upande mwingine, anafika kwenye mawe bila hata kupumua kwa nguvu. Kukimbia ni sehemu ya hesabu. Bahati ya saa uliyotokea ni sehemu nyingine. Umbali kati ya shimo lako na mawe ni sehemu nyingine.

Ju ya nini hii inaniuma? Ju tuko wengi hapa tuliotoka na lisansi mkononi, na kila wiki mtu anatuambia hatujakimbia vya kutosha. Nimeona rafiki aliyeandika barua zaidi ya hamsini za kuomba kazi akianza kujiona mvivu. Si mvivu. Alitoka mchangani mahali ambapo mawe iko mbali. Video haikusema kwamba ni mvivu, sisi njo tulisema, lakini video ilitupa picha ya kusemea.

Lawama ya pili ni kubwa zaidi, na hii inagusa elimu yenyewe. Katika kipande kile kinachozunguka kwenye matelefone, kisiwa ni uwanja wa mpira tu. Ni mahali pa kukimbilia. Lakini kwa mtu anayetaka kujua mageuzi ya viumbe, kisiwa njo habari yenyewe. Tungeuliza: huyu mjusi alifikaje pale? Kilomita 1000 za maji ya chumvi!

Jibu ambalo wataalamu wanalikubali ni hili. Mababu zake walikuwa mijusi wa nchi kavu ya Amerika. Mafuriko yanang'oa miti na majani kutoka kingo za mito, yanayasukuma baharini kama chelezo, na wakati mwingine mnyama anabaki juu yake. Nyani ao paka hawezi kuvumilia safari ya wiki nyingi bila maji. Mjusi anaweza: ngozi yake inazuia maji ya mwili kutoka, na tumbo lake linaweza kungoja chakula siku nyingi. Njo maana visiwa vya volkeno vilivyo mbali vina mijusi wengi na wanyama wanyonyeshao wachache. Si mjusi aliyechagua kwenda. Wengi walikufa njiani, na tunahesabu wale wachache waliofika.

Halafu, wakishafika, njo kazi ya muda inaanza. Kule Galápagos visiwa havina umri mmoja. Ardhi inasogea polepole juu ya mahali pa moto wa chini, kwa hiyo vya mashariki ni vya zamani, miaka milioni 3 mpaka 4, na Fernandina ya magharibi ni mtoto. Volkeno yake ililipuka tena mwezi wa tatu 2024. Mijusi wadogo wa lava, wanaoitwa Microlophus, wanaonyesha jambo hili vizuri sana: kwenye kisiwa kimoja kwa kawaida hukuti zaidi ya aina moja, lakini Española ina ya kwake, San Cristóbal ya kwake, Floreana ya kwake, Pinta ya kwake. Mababu wachache, bahari katikati, hakuna kuoana tena, na kila upande unafuata njia yake. Iguana wa baharini na iguana wa nchi kavu, nao ni ndugu. Hesabu za vinasaba zinaweka kuachana kwao zaidi ya miaka milioni 4 nyuma, maana yake pengine waliachana kwenye visiwa ambavyo leo vimeshazama chini ya bahari. Na bado hatujamaliza kuwahesabu: iguana wa rangi ya waridi wa volkeno Wolf, mnyama mkubwa kabisa, alipewa jina la kisayansi mwaka 2009 tu.

Jambo moja tena, ambalo lingeua kabisa yale mahubiri ya kukimbia. Wakati wa El Niño maji inapata joto, mwani unakufa, na iguana wa baharini wanakosa chakula. Watafiti waliowapima waliandika mwaka 2000 kwamba iguana wakubwa wanafupika. Hapana kukonda tu: urefu wa mwili unapungua, wengine mpaka asilimia 20, halafu chakula kikirudi wanarefuka tena. Wale wanaofupika zaidi wanaishi zaidi. Kwa hiyo kisiwa kilekile ambacho tunakitumia kufundisha "ongeza nguvu, ongeza mbio", kina mnyama anayepona kwa kujipunguza. Nani atatengeneza video ya hiyo? Haina muziki.

Lawama ya tatu hailengi BBC, inatulenga sisi. Tumemjua mjusi wa bahari ya Pasifiki, lakini visiwa vya volkeno vya jirani hatuvijui. Komori iko kati ya Msumbiji na Madagaska, watu wake wanasema lugha ambayo ni ndugu wa Kiswahili, na Ngazidja ina Karthala, volkeno hai yenye mita 2361. Maore ni kisiwa cha zamani kuliko vingine, Ngazidja ni cha mwisho kuzaliwa. Hadithi ni ileile: mijusi wengi wametoka Madagaska, wakafika, wakaachana. Ngazidja kuna mjusi wa kijani wa mchana, Phelsuma comorensis, ambaye hayuko kisiwa kingine, na kinyonga wake, Furcifer cephalolepis. Maore ina wa kwake. Kulikuwa na mjusi wa usiku wa Maore ambaye watu walimhesabu sawasawa na yule wa visiwa vingine. Mwaka 2012 alitengwa na kupewa jina lake, Paroedura stellata. Mwaka huohuo wa 2012, na hapa nawakaribisha nyumbani, mjusi mwenye magamba ya miba alipewa jina Cordylus marunguensis. Marungu si kisiwa. Ni nchi ya juu ya Katanga yetu, karibu na ziwa Tanganyika. Lakini kwa mjusi wa mawe ya baridi, mlima uliozungukwa na bonde la joto ni kisiwa, hata kama hakuna tone la chumvi.

Na hapo njo nafika kwenye kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa staji, walitupeleka kwenye kilima kimoja cha shaba, siitaji kampuni wala kilima. Mnavijua vilima vya namna ile: kutoka Mulungwishi ukielekea Fungurume unaviona toka barabarani. Pande zote ni miombo, miti imejaa, halafu ghafla kilima kina kichwa cha upara, majani mafupi tu. Nilikuwa na fishi ya kujaza. Nikaandika: "Udongo mbaya. Hakuna miti. Haufai." Agronomi ilinipa haki. Udongo wa kawaida una shaba miligramu makumi machache kwa kilo. Pale ni maelfu. Panda mahindi pale, mizizi itabaki mifupi sawa vidole vya mtoto, majani yatakuwa ya njano. Kwa mahindi, nilisema kweli.

Papa mmoja mtumishi, aliyekuwa anabeba mifuko yetu ya udongo, alisoma juu ya bega langu. Akaniuliza: "Mwana, unasema hapana miti. Na haya maua yote, unaandika wapi?"

Fishi haikuwa na mahali pa maua. Na mimi sikuwa nimeyaona.

Bandugu, vile vilima ni visiwa. Katika Katanga kuna zaidi ya mia moja, vidogo, kila kimoja peke yake, na bahari inayovitenga ni miombo. Kizuizi si maji, ni sumu. Mmea wa miombo ukitua kwenye shaba unakufa. Mmea uliozoea shaba ukishuka kwenye udongo wa kawaida, unafunikwa na wengine wenye nguvu kuliko yeye. Wataalamu, toka Paul Duvigneaud miaka ya 1950 na 1960, halafu François Malaisse na wenzake wa Lubumbashi na Ubelgiji, wamehesabu zaidi ya aina 600 za mimea kwenye vilima hivi. Kama 30 kati yao haziko mahali pengine popote duniani. Crepidorhopalon perennis, ua dogo tu, linajulikana kutoka eneo la Tenke na Fungurume peke yake. Kumbe tuna Fernandina yetu, na inaonekana kwenye dirisha la bisi.

Sitaki kuvuta mfano mpaka ukatike. Kilima si kisiwa sawasawa. Mbegu inaruka kwa upepo, nyuki anapita kutoka kilima mpaka kilima, na mimea mingi ya pale inaishi pia penginepo. Mmoja unatufundisha hata kinyume: Haumaniastrum katangense, wengi wanauita ua la shaba, unapenda udongo wa shaba uliochimbwa na kuvurugwa, kwa hiyo umemfuata mtu. Wachunguzi wa mambo ya kale wameutumia kutafuta mahali ambapo mababu walikuwa wanayeyusha mukuba karne nyingi kabla ya Wazungu: ukiona ua, chimba, utakuta masalia ya tanuru. Ni sawa mijusi wa nyumbani ambao wamezunguka bahari zote ndani ya mashua za watu. Si kila mwenyeji wa kisiwa ni mfungwa wa kisiwa.

Lakini wale wafungwa, wale wa kilima kimoja ao vitatu, hawana pa kwenda. Acalypha dikuluwensis ilikuwa mmea wa shaba wa Dikuluwe, upande wa Kolwezi. Ilionekana mara ya mwisho mwaka 1959. Leo iko kwenye orodha ya mimea iliyotoweka, ju kariere imekula mahali pake. Hakuna nyoka aliyeifukuza. Hata ingekuwa na miguu ya kukimbia, ingekimbilia wapi? Kisiwa chenyewe njo kilipakiwa mu makamyo.

Njo vile nasema video ile imetufundisha kuangalia mkimbiaji na kusahau kisiwa. Ukiangalia mkimbiaji tu, kila kifo ni kosa la aliyekufa: hakuwa na mbio. Ukiangalia kisiwa, unauliza maswali mengine. Mawe iko mbali kiasi gani? Nani ameyasogeza? Chakula kimekwenda wapi? Na ukiondoa kisiwa, ni mbio gani itasaidia?

Najua mtu atanijibu: "Ndugu, ile shaba njo inalisha Likasi, njo inalipa masomo ya watoto wetu, wewe unatulilia maua." Jibu langu si kufunga mine. Baba yangu mdogo anakula kwa mine, na mi pia nilikula kwa ile staji. Lakini sheria yetu ya madini inadai uchunguzi wa mazingira kabla ya kuchimba, na wale wanaojaza fishi za uchunguzi ule ni nani? Ni sisi. Ni ma agronomu, ni wa mazingira, ni walewale walio mu grupu hii. Kuna kazi inayowezekana: kukusanya mbegu kabla mashine haijapanda kilima, kuweka vitalu, kuhamisha udongo wa juu na mizizi yake, kuacha kilima kimoja kwa kila kundi la vilima bila kuguswa. Kazi hizo zimejaribiwa hapa Katanga, zingine zimefaulu kiasi, zingine mmea ulikataa. Lakini hakuna hata moja inayoanza kama fishi imeandika "haufai".

Kuna pia ndugu aliyeandika chini ya video: "Mungu njo alimwokoa mdogo ule." Hapa Mulungwishi, kwenye misioni, neno hili lina uzito, na sitalicheka. Nitamwomba tu aongeze swali moja. Kama Mungu anamwangalia mjusi mmoja akikimbia, je, hakuangalia mamilioni ya miaka ya kumtengeneza pale? Mi naona imani inayopenda tukio la kuokolewa na kusahau muda wote wa kutengenezwa, imeangalia filamu mpaka katikati tu.

Kwa hiyo muendelee kuangalia ile video, ni nzuri. Muwaonyeshe wadogo zenu, watapiga kelele kama sisi. Lakini muwazimie muziki mara moja, muwaulize mjusi alifikaje pale. Na wewe unayemtumia rafiki yako asiye na kazi, futa yale maneno ya "kimbia", umuulize kwanza anatoka shimo gani na mawe yake iko wapi.

Mimi nimerudi kwenye kile kilima mwezi wa tatu, mvua ikiwa bado. Nusu yake haiko tena. Upande uliobaki nilihesabu maua ya rangi tano nisiyojua majina yake, nikapiga picha, nikachora mahali. Yule papa hafanyi kazi pale tena, sikumpata nimwonyeshe. Picha nitaziweka hapa Jumamosi. Mwenye kujua jina hata la moja, aandike chini.